Ribiti za Liemba

Mwanzoni mwa miaka ya 1970, meli ya Liemba ingali ikienda kwa mvuke, mjomba wangu alianza kuunda mfano wake mdogo uani kwake, Ujiji. Yeye alikuwa seremala, mimi mwanafunzi wa sekondari wa kupiga msasa na kuchemsha gundi. Vifaa vya kazi hiyo havikuuzwa popote, na mchoro wa meli hatukuwa nao.

Urefu wake ulijulikana: mita 71 na ushei, kwa upana wa mita 10 hivi. Mjomba akakata shauri kila mita iwe sentimita moja. Yaliyobaki tuliyapima kwa macho gatini Kigoma, tukihesabu madirisha na nguzo za sitaha huku makuli wakitupigia kelele tupishe njia. Mkuku na mataruma aliyachonga kwa mninga, ubavu akauvika bati la madebe ya mafuta ya kula. Dohani ilitokana na kopo la maziwa, milingoti na spoku za baiskeli.

Jirani mmoja mtu mzima alisisitiza tuweke mzinga. Hakukosea: baada ya Wajerumani kuishusha majini mwaka 1915 ikiitwa Graf von Götzen, ilifungwa mzinga uliotolewa kwenye manowari Königsberg. Mjomba akamjibu, "Mzinga haukudumu humu, mzee wangu. Abiria ndio waliodumu." Akachonga magunia ya dagaa na mitumbwi ya kusimama ubavuni, maana vituo vingi vya ziwani havikuwa na gati, watu na mizigo yao walipandia humo humo majini.

Kilichotuchosha ni ribiti, zile pini zinazoshikanisha mabati ya meli. Kila kipande cha bati alikigeuza, akakigonga kwa msumari butu upande wa ndani ili nje kitokeze kijichwa, safu baada ya safu. Nikamwambia, "Mjomba, si tupake rangi tu? Nani atayaona haya?"

Akaweka nyundo chini. Meli ile, alisema, ilijengwa Papenburg, Ujerumani, ikafumuliwa na kufungwa kwenye masanduku yapatayo 5,000, ikavuka bahari hadi Dar es Salaam, ndipo ikaletwa Kigoma kuunganishwa. Vitabu vinawataja Wajerumani watatu waliosimamia: Anton Rüter, Rudolf Tellmann na Hermann Wendt. Vibarua wa Kiafrika na mafundi wa Kihindi waliofanya kazi chini yao, majina yao hayasomwi popote. Julai 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe wasije wakanyang'anywa, baada ya kuzipaka injini grisi. Waingereza wakaiibua mwaka 1924, wakakuta injini zinafaa, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba.

"Kila mtu anaisifu grisi," akasema. "Sawa, grisi ilitunza injini. Bati je, lilishikwa na nani miaka yote hiyo chini ya maji?"

Nikachukua msumari, nikaendelea kugonga.

Meli yetu aliipeleka shule ya msingi ya jirani, ikachezewa na watoto mpaka ikaisha, naye hakulalamika. Liemba yenyewe ikaja kufungwa injini za dizeli. Injini zilizosifiwa zikang'olewa; ubavu ukabaki ule ule. Basi nikisikia mtu anaisimulia meli hii kwa grisi na wale Wajerumani watatu, namwacha amalize, kisha namuuliza swali la mjomba.