Daftari la zamani la waliohamishwa

Ndugu wasikilizaji, na ninyi jamaa mliohamishwa mnaoniuliza kila mara kama majina yenu yangali yako: leo naandika juu ya kompyuta, lakini habari ni yenu.

Biro moja inayotunza orodha ya familia zilizohamishwa hapa Tenke imeleta programu mpya. Orodha yenyewe ni ya wakati tungali Katanga, kabla ya Lualaba kuwa jimbo mwaka 2015. Ikavuma kwamba watu wataandikwa upya. Mama mmoja, fishi yake imechakaa mkononi, aliniambia: anayeandikwa leo anahesabiwa amefika leo, na shamba lake la kwanza linasahaulika.

Nilimwendea fundi. Akasema si lazima kuandika upya. Programu inatumia Django, chombo kilichozaliwa ndani ya gazeti, Lawrence Journal-World la Kansas, Marekani, kikatolewa kwa wote mwaka 2005. (Sisi wanahabari tujisifu kidogo!) Kina amri iitwayo inspectdb, inayosoma majedwali ya zamani na kuandika maelezo yake, safu kwa safu. Maelezo hayo yana alama ya kuikataza Django isiunde wala kufuta majedwali hayo. Lakini alama hiyo hailindi majina yaliyomo. Mtu bado anaweza kuyabadilisha. Niliposikia hivyo nilimbana, naye akafungua njia ya kusoma tu kwenye hifadhidata yenyewe. Bila hiyo nisingetangaza lolote redioni.

Kazi ngumu ilikuwa namba. Django inataka ufunguo mmoja unaotenganisha kila mstari na mwingine. Usipotajwa, inatafuta safu iitwayo id, na isipokuwepo, kusoma kunakwama. Fundi alitaka kutumia namba ya fishi. Wazee wa kamati wakakataa papo hapo: kila kijiji kilianza kuhesabu na 1! Fishi namba 14 ziko kadhaa, na familia moja ingeonyeshwa mahali pa nyingine. Ufunguo wa safu mbili pamoja, kijiji na namba, Django imeukubali tangu toleo 5.2 la mwaka 2025. Toleo lao lilikuwa la nyuma. Wamelibadilisha kwanza.

Kwa hiyo mama, papa, ukienda kuuliza, taja kijiji ulichotoka pamoja na namba. Na fishi ya karatasi usiiache pale. Waonyeshe, urudi nayo nyumbani.