Kabla Hakijawa Kidonda

Shangazi yangu alikuwa na ualbino kama mimi, na tumbaku aliilima hadi nguvu zilipomwishia. Mimi nilipoanza shule Mpanda, yeye tayari alikuwa na kigaga juu ya sikio la kushoto. Kilibanduka, kikarudi, kikabanduka tena. Nyumbani tulisema ameungua na jua, tukampaka mawese. Alipelekwa hospitali pale tu kilipogeuka kidonda chenye harufu, na huko tukaambiwa Dar es Salaam, maana miaka ile tiba ya mionzi nchi nzima ilikuwa hospitali ya Ocean Road peke yake. Kutoka Mpanda maana yake treni hadi Kaliua, Tabora, kisha reli ya kati mpaka pwani. Ndugu wakakaa kikao cha nauli. Fedha haijatimia, shangazi akafariki, hata miaka arobaini hajafika.

Kwetu hospitali ilikuwa ya mgonjwa. Mtu anayekula na kulima, akamwonyeshe nani ngozi yake, na kwa sababu gani?

Halafu ikaja miaka ya kuwindwa. Kuanzia kama 2006, habari za watu wenye ualbino kuuawa kwa ajili ya viungo vyao zilitufikia kutoka Kanda ya Ziwa, na usiku mama akawa anasogeza kinu nyuma ya mlango. Mizengo Pinda, wakati huo Waziri Mkuu na mbunge wetu wa Mpanda Mashariki, alilia bungeni Januari 2009 akilizungumzia jambo hilo. Wengine walimcheka. Nyumbani kwetu hakucheka mtu.

Naitaja hofu hiyo kwa sababu watu wa mbali hushangaa kwa nini tulichelewa kwenda kliniki za ngozi. Kliniki inataka mkusanyike siku inayojulikana, mahali panapojulikana, majina yenu yaandikwe. Sisi tulikuwa tumefundishwa kukimbia hayo yote matatu. Wa kwanza walikwenda wakisindikizwa na kaka zao.

Nesi tuliyemkuta kliniki, ambaye wote tulimwita Sista, alikuwa amefundishwa na watu waliopitia Moshi, kwenye kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichoanzishwa katika hospitali ya KCMC mwaka 1992. Hakuuliza unaumwa nini. Alisema, "Vua kofia." Akaanza nyuma ya masikio, akaja kwenye kisogo, mdomo wa chini, kifua pale shati linapoachia, migongo ya mikono. Zaidi ya kutazama alipapasa, kwa kuwa magamba yanayoweza kuzaa saratani huhisika kwa kidole kabla jicho halijayaona: yanakwaruza kama msasa. Aliyoyatilia shaka kidogo aliyagandisha kwa naitrojeni iliyokuja ndani ya chupa inayofuka moshi. Inachoma kweli, asikudanganye mtu. Panavimba lengelenge, baada ya wiki mbili tatu linapukutika. Palipomtia shaka zaidi alikata kinyama kikapelekwa kupimwa.

Hapo ndipo nilipoelewa kuwa kigaga cha shangazi kilikuwa kazi ya dakika chache.

Siku moja rafiki yangu aliyenisindikiza, mweusi tii, alikejeli kwamba saratani ya ngozi ni yetu sisi. Sista akamwambia avue viatu. Akamtazama nyayo, katikati ya vidole na chini ya kucha, huku akimuuliza kama anamfahamu Bob Marley. Nani Mpanda asiyemfahamu? Basi yule, akasema, saratani ilimwanzia chini ya ukucha wa kidole cha mguu, ikamuua mwaka 1981. Rafiki yangu alikuwa na miaka mingi ya kulima mpunga peku. Hakusema neno tena, ila tangu hapo hukagua nyayo zake mwenyewe.

Mafuta ya kukinga jua tunayopewa kliniki ni Kilisun, yanayotengenezwa huko huko KCMC. Ni mazuri, lakini kuna miezi yanaisha kabla ya kliniki inayofuata, na ya dukani, yakipatikana, bei yake haishikiki kwa mkulima. Hapo inabaki kofia pana, mikono mirefu, na kutoka shamba kabla jua halijafika utosini.

Binti wa kaka yangu naye ana ualbino. Anakaguliwa masikio tangu hajajua kutembea, na anaona ni jambo la kawaida kama mizani ya kliniki ya watoto. Mara ya mwisho alinuna foleni nzima. Alikuwa anakosa mechi ya netiboli, na Sista, kama kawaida yake, hakutaka kuharakishwa.