Katesh, Mlima Hanang na Amana ya Kamba

Mtu atokaye Babati kwa njia ya Singida huuona mlima Hanang kabla hajauona mji wa Katesh. Mlima umesimama peke yake juu ya nchi tambarare, na kilele chake chafika mita 3,420 hivi juu ya usawa wa bahari. Chini yake Wabarbaig huchunga na Wairaqw hulima.

Vijana wengi huupanda kwa njia ya Jorodom, inayoanzia karibu na mji. Ni safari ya miguu; haitaki kamba, yataka pumzi, maji, mwongoza njia, na kuondoka mara tu baada ya Sala ya Alfajiri. Lakini vijana wa siku hizi wamekwisha kuona picha za watu wanaopanda majabali kwa kamba, na wanafunzi tuliofuatana nao walituuliza papo hapo kama yafaa. Sisi hatuoni ubaya katika kuutia mwili nguvu. Ubaya ni kujitia hatarini bila ya elimu, na jambo hili lina elimu yake. Katika Afrika ya Mashariki watu huisomea katika miamba kama ile ya Lukenya, karibu na Nairobi, na mnara wa jiwe uitwao Fischer's Tower huko Hell's Gate, wenye kimo cha mita 25 hivi.

Kamba yatoka kiunoni mwa mpandaji, yakwea hadi juu ya jabali, yapita katika pete za chuma zilizofungwa mahali pasipopungua pawili, ili pamoja pakivunjika pabaki pa pili. Kisha yashuka kwa mwenziwe aliyesimama chini. Kila mpandaji apandapo, mwenziwe huvuta kamba iliyolegea. Akiteleza, haanguki ila kidogo.

Wengi hudhani shujaa ni yule wa juu. Sisi twaona mzigo u juu ya wa chini, kwani roho ya Mwislamu mwenziwe ameshikishwa mkononi. Kipo kifaa cha chuma kiunoni mwake kinachoibana kamba, lakini chataka mkono. Na mkono ule wa kuzuia hauiachi kamba hata nukta moja, wala kwa kufukuza nzi wala kwa kupokea simu. Asimame karibu na jabali, kwani aliye mbali huburutwa mwenziwe aangukapo. Ncha ya kamba ya upande wake na ifungwe fundo, isije ikachomoka kifaani wakati wa kumshusha mwenziwe, kamba ikiwa fupi.

Na kabla mguu haujainuka, kila mmoja amkague mwenziwe kwa macho na kwa mkono: fundo la umbo la nane, vifungo vya mkanda, kamba ndani ya kifaa. Kisha waulizane na kujibizana kwa sauti. Wasomaji waikumbuka habari ya Bedui na ngamia wake. Kukagua fundo ni katika mlango huo.

Juu ya Hanang penyewe hatumshauri kijana afunge kamba. Tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, sehemu ya mlima huu iliporomoka, na tope, mawe na magogo yakaingia Katesh na vijiji vya jirani. Watu wasiopungua 89 walikufa, Mwenyezi Mungu awarehemu. Kamba haiwi imara kuliko jiwe iliyofungwa.

Wawili katika wanafunzi wetu walitaka kuanza siku ile ile, kwa kamba ya katani waliyoiona sokoni. Tuliwaeleza kwamba kamba ya wapandaji hutengenezwa makusudi, ivutike kidogo impokeapo mtu, na kwamba ya katani ni ya kufungia ng'ombe. Hawakupendezwa. Tukawanunulia maji na mikate, tukapanda nao kwa miguu pamoja na mwongoza njia hadi ndani ya msitu, nao wakatutangulia mbali sana.