Maji ya Moto Ukingoni mwa Bonde Kuu

Aliyezaliwa Mombasa hahitaji kwenda ugenini ili ajue thamani ya maji. Mkokoteni wenye mitungi ya lita 20 umetufunza hilo tangu utotoni. Hata hivyo, safari yetu ya Oktoba katika jimbo la Arizona, Marekani, ilinirudisha darasani.

Tulikuwa wanne: mama yetu mwenye umri wa miaka 71, dada yangu, mumewe na mimi. Shemeji alikodi karavani, yaani gari lenye vitanda, jiko na bafu ndani yake. Tukapanda kutoka Phoenix hadi ukingo wa kusini wa Grand Canyon, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Bonde lile ni la kutisha kwa uzuri. Mto Colorado unapita kiasi cha kilomita moja na nusu chini ya miguu ya mtazamaji, lakini huko juu maji ni adimu. Kwa miaka mingi yameletwa kwa bomba kutoka chemchemi ya Roaring Springs, ng'ambo ya pili ya bonde.

Katika kambi ya Mather, tulikolala, gari haliunganishwi na bomba la maji wala umeme. Kila msafiri hutegemea alichobeba. Kwa hiyo tulijaza tangi letu kwanza. Pampu ndogo ya betri ndiyo husukuma maji hadi kwenye mifereji, na hita ya lita 23 huyachemsha kwa gesi.

Usiku uliingia na baridi kali. Mama alikuwa akiwaza udhu wa alfajiri, kwani viungo vyake humuuma. Shemeji akanyoosha mkono kuiwasha hita.

"Baba, hebu ngoja," mama akamwambia. "Hilo sufuria lenu lina maji? Chombo kitupu hakitelekwi motoni."

Shemeji akacheka, kisha akanyamaza. Aliwasha pampu, akafungua mfereji wa maji ya moto. Maji yakatoka papo hapo, mfululizo. Hapo ndipo aliposhtuka, maana hita tupu inapojazwa, mfereji hukohoa hewa kwa muda kabla ya maji kutulia. Alipofunua sehemu iliyo chini ya kitanda, aliona vilango vya mabomba vimegeuzwa ili maji yaipite hita kando. Hufanywa hivyo majira ya baridi, maji yasigande ndani yake. Waliotukodisha gari hawakuvirudisha. Lau tungewasha, moto ungeunguza chombo kitupu, na mama angetawadha kwa maji ya barafu.

Tulivigeuza. Pampu ikanguruma kwa dakika kadhaa, mfereji ukatema hewa, ukatulia. Ndipo gesi ikawashwa, na baada ya nusu saa hivi maji yalikuwa moto.

Siku tatu tuliishi kwa kipimo. Maji baridi yanayotangulia kutoka bombani tuliyakinga kwa ndoo, tukaoshea vyombo. Katika kuoga, mtu alijimwagia, akafunga mfereji, akajisugua kwa sabuni, kisha akajisuuza. Hata maji machafu yana tangi lake. Hayamwagwi ardhini, na likijaa kabla hujafika mahali pa kulimwaga, hata kuoga hakuna.

Mama peke yake hakuona shida. Alijaza birika dogo, akatawadha nalo, na maji yakabaki. Alitukumbusha kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alikuwa akitawadha kwa mudi moja, yaani ujazo wa viganja viwili vilivyounganishwa vya mtu wa wastani. Sote twaijua Hadithi hiyo tangu madrasa. Lakini nani kati yetu huikumbuka mfereji unapomiminika bila kikomo?

Nimerudi nyumbani, na birika dogo sasa li karibu na beseni letu. Msomaji mpendwa, jaribu nawe kwa wiki moja: pima maji ya udhu wako kabla hujafungua mfereji.