Gari Lisilovuta Mlimani: Kumbukumbu za Fundi wa Mombo

Gari linaloishiwa nguvu mlimani huwasumbua mafundi kwa sababu moja kubwa: likifika gereji halionyeshi ugonjwa. Linawaka mara moja, injini inatulia, na likikanyagwa mafuta pale uwanjani linanguruma vizuri. Ubovu hujitokeza injini inapodaiwa nguvu nyingi kwa muda mrefu. Gari la tani moja na nusu likipanda mwinuko wa mita 10 kwa kila mita 100, kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa, huhitaji takriban kilowati 20 za kuinua uzito wake peke yake. Uwanjani hakuna kinachodai nguvu hizo.

Mwandishi wa kumbukumbu hizi alijifunza kazi Mombo, mkoani Tanga, mahali panapofaa sana kwa somo hilo. Hapo barabara ya Lushoto huachana na barabara kuu iendayo Moshi, ikapanda Usambara kwa kona mfululizo kupitia Soni, hadi mji ulio kwenye kimo cha takriban mita 1,400. Alianza akiwa spana boi, zama za kabureta. Hewa hupungua kwa karibu sehemu moja ya kumi kwa kila mita 1,000 za kwenda juu, na kabureta haina namna ya kujua: humwaga petroli ile ile, plagi zikashika masizi, moshi mweusi ukatoka nyuma. Magari yenye sensa na kompyuta hujipunguzia mafuta yenyewe. Hata hivyo, injini isiyo na tabo haiwezi kuwa na nguvu zile zile Lushoto na Mombo, na dereva anastahili kuambiwa hivyo kabla hajauziwa kifaa chochote.

Mzee aliyemfundisha hakumruhusu kushika spana kabla ya kumhoji dereva. Limeanza lini? Likiwa na mzigo au hata tupu? Likiwa baridi au likishapata moto? Na swali lililo kubwa kuliko yote: mguu ukiwa umezama kwenye mafuta, mzunguko wa injini unapanda au unashuka? Ukipanda huku mwendo hauongezeki, injini haina kosa. Klachi inateleza, na mara nyingi harufu ya kuungua imeshasikika ndani ya gari. Ukishuka, injini ndiyo inayonyimwa kitu, au kuna kinachoizuia. Breki inayobana hupatikana kwa urahisi: baada ya mwendo mfupi, ringi moja huwa ya moto kuliko nyingine. Filta ya hewa huondoa shaka kwa kufunguliwa tu.

Baada ya hapo hufuata mafuta, na hapa ndipo fundi huyu alipotumia sehemu kubwa ya maisha yake ya kazi. Pampu iliyochoka au filta iliyoziba hupitisha mafuta ya kutosha kwenye tambarare; mlimani injini inataka zaidi na haipati. Kwa hiyo geji ya presha haina maana kubwa ikisomwa gari likiwa limesimama. Yeye aliifunga kwenye bomba la petroli, akapitisha hosi pembeni ya boneti na kuibana geji chini ya waipa, nje ya kioo, petroli isiingie walikokaa watu. Kisha gari lilipelekwa kwenye kona za Soni. Katika gari moja dogo mshale ulisimama kwenye bari 3 tangu Mombo. Mwinuko ulipokaza ukateremka taratibu, na kabla haujafika 2 gari lilianza kushtuka na kukata. Filta yake ilikatwa kwa msumeno: karatasi ya ndani ilikuwa nyeusi, na ilipokung'utwa juu ya gazeti ilitoa vumbi la kutu. Kubadilisha filta pekee kungekuwa nusu ya kazi. Tangi lilishushwa na kuoshwa, maana kutu ilikuwa inatoka humo.

Kwenye dizeli hutazamwa pia maji ndani ya filta, na hewa inayovutwa kwenye maungio. Kipande cha hosi angavu huonyesha mapovu yake. Hosi ya tabo iliyopasuka hutoa mluzi na moshi mweusi.

Moto wa plagi una tabia hiyo hiyo. Koili dhaifu huwasha vizuri injini isiyo na mzigo, lakini mgandamizo ndani ya silinda ukiongezeka cheche hushindwa kuruka, gari likamisi. Kumisi huko kukiachwa huleta ubovu wa pili: petroli isiyoungua huenda kuungulia kwenye masega ya kauri ndani ya ekzosi, yakayeyuka na kuziba. Injini hapo ni kama mtu anayepanda kilima amefungwa kitambaa mdomoni. Geji ikifungwa mahali pa sensa ya oksijeni huonyesha moshi unaorudi nyuma. Gereji nyingi huyatoboa masega hayo na kumaliza. Fundi huyu alikataa, kwa sababu masega ndiyo yanayopunguza sumu ya moshi, na kwa sababu koili ikibaki mbovu gari litaendelea kumisi.

Yote haya yakiwa mazima, hupimwa mgandamizo wa kila silinda na alama za mkanda au cheni ya taimingi. Cheni iliyoruka jino moja hupunguza nguvu bila kelele yoyote. Hurudishwa kwenye alama. Mgandamizo ukiwa chini, mafuta ya injini kidogo humiminwa kwenye tundu la plagi: ukipanda, ringi za pistoni zimeisha, ukibaki ulivyo, valvu au gasketi ya silinda hedi ndiyo inayovuja.

Matengenezo yakikamilika gari hurudishwa mlima ule ule, kwa mzigo ule ule na gia ile ile, dereva mwenyewe akiwa kwenye usukani na geji ikiwa bado imefungwa. Mshale usipoteremka, geji hufunguliwa, maungio hukaguliwa kama yanavuja, na gari hukabidhiwa.