Kodi ya Urithi na Mafungu ya Faraidhi

Jamaa zetu wengi wa pwani wamelowea Uingereza na kununua majumba huko. Kenya iliifuta kodi ya mali za maiti mwaka 1982, ama Uingereza yaitoza hata leo: asilimia 40 ya kinachozidi pauni 325,000, na msamaha huongezwa hadi pauni 175,000 nyumba ikirithiwa na watoto.

Tuseme mtu ameacha pauni 800,000, nyumba ikiwamo, na warithi wake ni mke na watoto tu. Thumuni ya mke, yaani 100,000, haitozwi. Katika 700,000 za watoto, 200,000 zimezidi msamaha, na Serikali huchukua 80,000. Hapo shetani humnong'oneza mtu: mwandikie mke yote! Kodi huondoka kweli, bali fungu la watoto nalo limeondoka. Na wasia kwa mrithi haupiti ila warithi wenziwe waridhie.

Njia safi ni hiba. Atoaye akaishi miaka 7 baadaye, hiba yake haihesabiwi. Lakini atoe kweli. Aliyewapa wanawe nyumba naye akaendelea kuikaa bure, sheria huihesabu ingali yake. Nasi madrasa twafundisha kuwa hiba hutimia kwa kukabidhi, basi hapa wakili na mwalimu hawagombani.

Tena awape wanawe kwa usawa. Binti mmoja alitujia, nyumba ya babake imekwisha kuandikwa jina la kaka yake, kwa kisingizio cha kodi. Alituuliza kama afungue daawa. Tulimwambia akamwendee kaka yake kwanza.