Zipange Sentensi Zifuatazo

Mama mdogo hakuniuliza kama nina nafasi. Aliweka sufuria chini, akafuta mikono kwenye khanga, akasema, "Wewe si unasomea Kiswahili huko Dar? Basi Jumamosi uniangalizie huyu. Septemba si mbali, mwanangu." Huyu ni kitinda mimba wake, darasa la saba, ambaye wakati huo alikuwa juu ya mwembe akijifanya hasikii.

Nilikuwa nimerudi Mpanda Juni mwaka jana, rasmi kukusanya data ya tasnifu ya uzamili, kwa kweli kumkimbia msimamizi wangu. Sura yangu ya pili ilikuwa imerudi na maneno machache ya penseli pembeni mwa ukurasa wa 14: "Hapa ndipo unapoanza kusema. Kwa nini umenisubirisha?" Sikuwa nimejibu. Nilipopata kisingizio cha kukaa barazani Makanyagio na chaki mkononi, nilikipokea kwa mikono miwili.

Jumamosi ya kwanza walikuja watatu. Ya tatu walikuwa saba, kwa sababu tuisheni ya bure haina siri. Ubao wetu ulikuwa mlango wa kabati bovu uliopakwa unga wa betri zilizokufa. Tukaanza na wanachokijua, yaani karatasi za mitihani ya miaka ya nyuma. Kama umesoma shule ya msingi Tanzania, sehemu ya utungaji unaikumbuka: unapewa sentensi nne zilizovurugwa, unaambiwa uzipange ziwe na mtiririko wenye mantiki kwa kuzipa herufi A, B, C na D. Mimi nilifanya mtihani wangu mwaka 2012, mwaka ambao hata hisabati tulisiliba kwa penseli ya HB. Nilimaliza miaka saba ya shule, nikafaulu, na katika mtihani ule sikuandika sentensi hata moja niliyoitunga mwenyewe.

Wale saba walikuwa mafundi wa A, B, C, D. Mtoto wa mama mdogo alinifundisha mbinu, maana naona sisi wa zamani tulikuwa tunahangaika bure. "Yenye jina la mtu ndiyo A. Yenye 'yeye' haiwezi kutangulia. Yenye 'hatimaye' au 'hivyo basi' ni D. Hizo mbili za katikati unabahatisha." Nikampa swali moja, akalimaliza kabla sijakaa. Nikamuuliza habari yenyewe ilihusu nini. Ilibidi aitazame karatasi upya.

Nikasema basi, leo tunaandika ya kwetu. Nikachora nyumba ubaoni: msingi ni utangulizi, kuta ni kiini, paa ni hitimisho. Mchoro huo nilichorewa na mimi, na sidhani kama kuna mwalimu wa insha asiyeujua. Mada nikaona niwape rahisi, Hifadhi ya Taifa ya Katavi. Kutoka mjini mpaka Sitalike, mlangoni kwa hifadhi, kilometa hazizidi 40. Nikadhani watakuwa na mengi.

Insha tano kati ya saba zilianza na "Katika ulimwengu wa sasa wa sayansi na teknolojia". Zote saba zilieleza maana ya hifadhi. Zote zilitaja fedha za kigeni na ajira kwa vijana, zote ziliishauri serikali iongeze juhudi. Simba alikuwemo katika kila moja, na hakuna hata mmoja wao aliyewahi kumwona simba. Nyumba zilikuwa na msingi, kuta na paa, ila hakuna aliyekuwa anaishi ndani.

Nikiwa nakusanya madaftari nikasikia kicheko nyuma. Kijana mmoja, ambaye baba yake ni konda wa basi la Sumbawanga, alikuwa anawasimulia wenzake safari aliyokwenda na baba yake. Kwamba pale Sitalike, kiangazi Mto Katuma ukipungua, viboko wanalaliana kwenye tope kama magunia, na harufu yao inapanda mpaka ndani ya basi. Kwamba mkiingia porini konda anapiga kelele mfunge vioo, mbung'o hao, kwa hiyo abiria mnachagua wenyewe, kufa kwa joto au kuumwa. Kwamba mama mmoja alimwona mbung'o ametua kwenye shavu la mzee asiyemjua, akampiga yule mzee kofi, halafu akamwamkia.

"Mbona hayo hukuandika?"

"Hiyo haina utangulizi, madamu."

Nilicheka nao. Ningekuwa na akili zaidi, ningeifuta ile nyumba palepale.

Badala yake wiki iliyofuata niliiacha ubaoni nikawapa "Siku nisiyoisahau". Katika kundi lile kulikuwa na binti anayekaa na bibi yake Nsemulwa, mkimya, mwandiko mzuri, anayependa kukaa ukingoni mwa baraza kama mtu anayejiandaa kuondoka. Insha yake ilianza kama zianzavyo insha zote za watoto duniani: aliamka, akapiga mswaki, akanywa chai na viazi. Kisha wakaenda stesheni, yeye na bibi na dada yake. Stesheni kulikuwa na watu wengi, magunia ya mchele na ndoo za asali. Treni ilichelewa. Baadaye ikaondoka. Yeye na bibi wakarudi nyumbani, akafua sare. "Na hadithi yangu inaishia hapo."

Chini ya hapo, kwa herufi ndogo, kulikuwa na sentensi tatu. Dada alisema atapiga simu akifika. Yule mama aliyekuja kumchukua alisema ni kazi ya kulea mtoto mmoja tu. Simu haipatikani.

Nilizisoma sentensi hizo kimwalimu, yaani nilitazama zimekaa wapi. Nikaandika kwa wino mwekundu: "Hitimisho halileti hoja mpya. Panga upya." Sita kati ya kumi.

Alipanga upya. Jumamosi iliyofuata alileta kazi safi, aya nne, kila aya na jambo lake, hitimisho linalorudi kwenye utangulizi kwa adabu. Nilimpa tisa. Nikaisoma kwa sauti mbele ya wenzake nikisema tazameni mtiririko. Yeye alikuwa anatazama vidole vyake vya miguu.

Usiku ule umeme ulikatika. Nilikuwa naingiza alama zao kwenye daftari langu kwa tochi ya simu, nikafungua ukurasa wa nyuma na wa mbele, insha ya sita na insha ya tisa. Zile sentensi tatu hazikuwemo. Katika insha niliyoisifu, dada alipanda treni na hakutajwa tena.

Tulipoonana nikamuuliza, kwa sauti ya chini, mbona amezitoa. "Hazikuwa na pa kukaa, madamu," akasema, kama mtu anayeeleza kwa nini kiti kimewekwa nje.

Neno insha tumelipata kwenye Kiarabu, na huko maana yake ni kuumba kitu, kukianzisha. Mfaransa naye, tangu Montaigne alipoziita maandishi zake *Essais* mwaka 1580, anatumia neno la kujaribu. Shaaban Robert alituachia kitabu kizima cha *Kielezo cha Insha*, kikatoka 1954. Hayo yote nilikuwa nayo kichwani, nimeyaandikia kurasa, na bado nilikuwa nimemfundisha mtoto wa miaka 13 kwamba habari ya dada yake ni kosa la mpangilio.

Nilifuta nyumba. Sikuwa na cha kuweka mahali pake, kwa hiyo nikawagawa wawili wawili, nikawapa mgongo kwa mgongo. Mmoja asimulie, mwenzake amkatize kila anapopotea. Hakuna kuandika. Sheria moja tu: msikilizaji hakuwepo.

Binti wa Nsemulwa aliangukia kwa mtoto wa konda. Nilisimama karibu nao nikijifanya nachonga penseli.

"Simu ya dada yangu haipatikani."

"Dada yupi?"

"Mkubwa. Aliyeondoka na treni."

"Lini?"

"Mwezi wa tatu. Jumanne."

"Alikwenda wapi?"

"Morogoro. Kuna mama alikuja kumchukua."

"Mnamjua?"

Hapo alinyamaza kidogo. "Bibi anamjua mtu anayemjua."

"Kwa nini asisome?"

Sikuwa nimewahi kuona mpangilio ukijijenga hivyo, swali likivuta sentensi, sentensi ikiacha shimo, shimo likivuta swali jingine. Mswaki haukutajwa. Chai na viazi havikutajwa. Stesheni ilikuja katikati, na safari hii ilikuja na kitu ambacho insha ya tisa haikuwa nacho: dada alikuwa amebeba daftari lake la darasa la saba ndani ya mfuko, akamrudishia mdogo wake dirishani treni ikiwa imeshaanza kutembea. Nikawaambia wote waandike kwa utaratibu wa maswali waliyoulizwa. Walioulizwa "nani?" kwanza waanze na nani.

Mama mdogo, aliyekuwa anachambua dagaa pembeni, alisubiri watoto waondoke. "Haya mazungumzo yatatoka kwenye mtihani?"

"Hapana, mamdogo."

"Basi?"

Sikuwa na jibu la maana. Jibu nililipata Nsemulwa, na halikuwa upande wangu. Tulikwenda Jumapili, mama mdogo na mimi, tukamkuta bibi anaanika mahindi. Alitupisha kwenye kigoda na kiti, akasikiliza. "Yule mkubwa hakufaulu," akasema. "Angefaulu asingeondoka. Huyu mfundishe afaulu tu, mama." Treni ile, juu ya reli waliyoijenga Waingereza kutoka Kaliua kufuata madini ya risasi, ilimbeba binti kwa sababu ya karatasi ya kusiliba. Nikiwa nimekaa pale nilielewa kwamba dharau yangu kwa A, B, C, D ni dharau ya mtu aliyekwisha kuvuka. Tangu siku hiyo tuligawa Jumamosi nusu kwa nusu. Saa nzima ya kwanza ni mitihani, na mtoto wa mama mdogo ndiye mwalimu wa mbinu zake. Nilimfundisha tu na zile mbili za katikati.

Mama mdogo ndiye aliyesema twende kwa mwenyekiti wa mtaa. Alitupokea vizuri, akafungua daftari lake, akamwomba bibi aeleze. Bibi alianzia kwenye ugonjwa wa marehemu mumewe. Alikuwa na haki, maana kwake habari ilianzia huko, ila mwenyekiti alishaandika mistari miwili akakata yote. Mama mdogo akajaribu, akaanzia kwenye tabia za akina mama wanaokuja kuchukua mabinti. Mwenyekiti aliweka kalamu chini, akajikuna shingo.

Mjukuu alikuwa amesimama mlangoni na mfuko wa shule. Akatoa daftari, akalifungua, akaliweka mezani kwa mikono miwili.

Mwenyekiti alisoma kimya. Kisha akashika kalamu akaanza kunakili, kwa utaratibu uleule: jina, tarehe, namba ya simu isiyopatikana, Morogoro, nani anamjua nani. Aliuliza swali moja tu ambalo halikuwemo, la umri. Barua aliyoiandika siku ile kwenda dawati la jinsia na watoto la polisi ilikuwa, kwa sehemu kubwa, insha ya darasa la saba.

Sijui kama hilo linahesabika kama data. Nilimwandikia msimamizi wangu usiku uleule, nikamwambia nimefuta kurasa 13 za mwanzo.

Jumamosi ya mwisho kabla sijaondoka, binti alikuja mapema kuliko wenzake. Barua ilikuwa imefika polisi, bibi alikuwa ameitwa mara moja akahojiwa, simu ilikuwa bado haipatikani. Alitaka kunionesha kwamba insha ameinakili kwa usafi kwenye daftari jipya. Ilikuwa kurasa mbili na nusu.

"Hitimisho sijaweka," akasema. "Haijaisha."

Nikamwambia aache nafasi.

"Kiasi gani?"

"Wewe unaonaje?"

Alifikiri, akahesabu kwa ncha ya kalamu mistari tisa bila kuigusa karatasi. Kisha akafungua ukurasa uliofuata, akapiga mstari juu kwa rula, akaandika: Hisabati.